Chetezo Ndani ya Gari la Bi Mwanakombo

Wastaafu mnaowajua nyinyi wana mvi, wana mkongojo, na wana muda wa kukaa barazani kusimuliana. Mimi nimestaafishwa kazi ya gereji nikiwa na meno yangu yote na mtoto wa kunyonya. Sasa mtoto huyo anatembea, anashika kila kitu, na hivi niandikavyo ananivuta kanga. Kwa hiyo msitarajie niende kwa mpango. Akilala nitaandika, akiamka nitaacha, na nikirudi nitaanzia popote.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia gereji sasa, huku Changamwe na kule Likoni, vijana wa kiume na wale wasichana wachache wenye vichwa vigumu kama changu. Vita vikuu vimekwisha, malori mabovu ya jeshi yamejaa kila mahali, na kila mwenye gari la zamani anataka kung'oa injini yake iliyokufa atie injini ya lori. Sawa, tieni. Lakini nikipita hapo njiani na kapu langu la soko nawaona mmeizunguka hiyo injini kama watu waliozunguka ngoma. Mnaipigapiga, mnaisifu, mnaibishia. Halafu bomba la petroli mnaliunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya! Natamani kuweka kapu chini niwazabe vibao.

Mpira wa baiskeli hauwezani na petroli. Mkitaka kuamini, kateni kipande, kitieni ndani ya kikombe cha petroli asubuhi, mkakitazame jioni. Mtakikuta kimevimba na kulegea kama muhogo uliopitiliza motoni, na ukikisugua kwa kidole kinaacha weusi. Weusi huo ndio unaoingia kwenye kabureta gari likazimika katikati ya daraja, dereva akaanza kutukana injini. Injini haina kosa. Ninyi ndio wenye kosa.

Jina langu Sidi. Baba yangu alikuwa fundi pamoja na mzee mmoja mwenyeji wa Changamwe, Ami Athumani. Mimi nilikuwa shule ya misheni, nikafika sekondari, kisha baba akafariki na masomo yakaishia hapo. Vita vilikuwa vimeanza, vijana wa gereji wote wamechukuliwa kuendesha malori ya jeshi. Ami Athumani akaniita nije niwaandikie wateja majina na kazi zao. Sikukaa na kalamu muda mrefu. Siku ya kwanza mtu anakwambia "nishikie hapa," unashika. Siku ya pili anakwambia "nikazie hapa," unakaza. Siku ya tatu anakwenda kuswali anakuachia gari.

Ami Athumani alinifunza kazi, na nitamsema humu kwa mabaya, kwa hiyo mazuri yake yatangulie. Alinifunza kukunja bomba la shaba nyekundu. Bomba jipya ni gumu, ukilikunja linabonyea na petroli haipiti. Yeye alikuwa analipasha moto kwenye makaa mpaka likawa jekundu, analitumbukiza majini, linatoka laini kama ukindu. Kisha analijaza mchanga mkavu, anaziba ncha zote mbili, ndipo analikunja taratibu kwa kufuata goti lake. Mchanga haukubali bomba libonyee. Baadaye unaumwaga wote, unaligongagonga bomba, unalipuliza mpaka uhakikishe haikubaki hata punje. Alikuwa na mikono mikubwa, na akikunja bomba alikuwa akiimba kaswida kwa sauti ya chini, nami nikijua hapo asisemeshwe.

Alinifunza pia kuzungusha bomba liwe na mapindi kama springi karibu na injini. Hili lisikieni, kwa sababu injini ya lori hutikisika kuliko ile mliyoitoa. Injini inacheza, bodi ya gari haichezi, na bomba lililonyooka katikati yao linavutwa huku na huku mpaka linakatika. Lizungusheni mara mbili tatu kwenye mpini wa ufagio kabla ya kulifunga. Likiwa na mzunguko linacheza na injini, halikatiki.

Makosa nimeyaona ya kila namna. Kuna fundi mmoja alikuja kutoka Likoni, maneno mengi, kofia upande. Akapewa bomba atanue midomo yake, maana bomba la petroli lazima mdomo wake utanuliwe kama tarumbeta ili nati iukamate. Akatanua mdomo wa huku, vizuri kabisa. Akatanua wa kule, vizuri zaidi. Akaliinua juu tulitazame.

"Mnaona kazi hiyo?"

"Tunaona," nikamwambia. "Na nati utazivisha wapi?"

Alizisahau. Nati huvishwa kwanza, mdomo hutanuliwa baadaye, na ukishatanua huku na huku nati haipiti tena mpaka ukate. Akakata. Akavisha nati, akatanua tena, na safari hii alizivisha zote mbili zikitazama upande mmoja, badala ya kila moja kutazama mdomo wake. Ami Athumani alicheka mpaka akakaa chini. Yule bwana alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni, na tangu hapo alikuwa mtu mzuri sana.

Jambo jingine ni kuvuta petroli tangini kwa mpira na mdomo. Nyote mnafanya, nami nilifanya. Nilipomzaa Katana nikakataa. Nilikuwa nikimlaza kwenye kikapu nyuma ya gereji, upande wa upepo, na kila akilia kunyonya lazima ninawe mikono kwa majivu na sabuni mpaka ngozi inapasuka, maana harufu ya petroli mtoto haitaki, anageuza uso na kulia. Wanaume wa pale walinicheka. "Mama Katana, leo tena unaoga?" Nikawaambia nendeni mkanyonyeshe nyinyi, kisha mje tuzungumze. Mume wangu yuko bandarini, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Hakukuwa na mwingine wa kushika mtoto. Kwa hiyo kila kazi niliifanya kwa sikio moja kwenye kikapu. Mtu wa namna hiyo hana subira na kazi ya kurudiwa. Nataka bomba lifungwe mara moja, liishe.

Sasa nawapeleka kwenye gari la Bi Mwanakombo, kwa sababu hilo ndilo lililonitoa kazini.

Bi Mwanakombo ni mjane wa Kisauni, mtu wa watu, na mumewe alimwachia gari la fahari la zamani, lile la taa kubwa kama sinia, lenye mapazia ya vitambaa madirishani ili wanawake wa ndani wasionekane. Injini yake ilikufa wakati wa vita, petroli ikiwa ya shida na vipuri havipatikani. Vita vilipokwisha akaleta neno kwetu: bintiye Zuhura ameolewa, harusi imekwisha, na fungate likitoka atahamishiwa kwa mumewe. Anataka apelekwe kwa gari la baba yake. Nyumba ya mume ilikuwa huko huko Kisauni, ukipiga kelele wanakusikia. Lakini hakuna atakayemwambia mjane kwamba bintiye aende kwa miguu.

Tukalivuta gari mpaka Changamwe, tukatia injini ya lori. Injini ilikaa vizuri, siwezi kusema uongo. Shida ikawa petroli. Katika magari ya zamani kama lile tangi haliko nyuma. Liko mbele, nyuma tu ya ubao wa dereva, juu ya magoti ya abiria, na petroli inateremka yenyewe kwenda kwenye injini. Chini ya tangi pana koki ya shaba ya manjano ya kufungia na kufungulia, nayo imo mle mle ndani wanamokaa watu. Injini ya kwanza kabureta yake ilikuwa kulia, ya lori iko kushoto. Bomba la zamani likawa fupi, na lilikuwa na ukoga wa kijani na nyufa kama kisigino.

"Tuliunge," akasema Ami Athumani. "Kipande cha mpira hapa, tulipitishe juu ya bomba la moshi, basi."

"Juu ya bomba la moshi, Ami? Petroli ichemke ndani?"

"Itapita upesi, haitachemka."

"Gari likisimama pale darajani kwa jua la saa nane, itapita upesi kwenda wapi?"

Akanitazama. "Mwanangu, una kelele kama mama yako."

Lakini alinipa shaba. Nililikunja bomba zima jipya, nikalipitisha nyuma ya injini mbali na moto, nikalifunga kwa vishikizo vyenye ngozi ili chuma kisilikwaruze, nikalizungusha mara tatu kwenye mpini wa ufagio. Lilikuwa bomba zuri kuliko yote niliyowahi kukunja, na sijali mkiniona najisifu.

Ikabaki koki. Pale inapoingia kwenye tangi, meno yake yalikuwa yamelika. Ukiikaza inazunguka tu, na petroli inatoka jasho, tone, kisha tone. Nikasema tuitoe, tulehemu nyingine. Ami Athumani akasema kulehemu tangi ni kazi ya kulishusha lote, na watu wa Kisauni wanalitaka gari kesho yake. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakikanda kwa kidole gumba, akaipaka koki pande zote mpaka ikawa na kola nyeupe. Jasho likakauka.

Msiicheke sabuni. Petroli haiyeyushi sabuni, na mafundi wengi wa pwani hii wamefika nyumbani kwa ajili yake. Mimi mwenyewe nimeipaka. Lakini sabuni ni ya kukufikisha gereji. Haikuwekwa kwa ajili ya gari linalotoka gereji.

"Ami, hii si kazi."

"Sabuni hii imenifikisha Malindi na kunirudisha."

"Wewe ulikuwa unajua imo. Wao watajuaje?"

"Wakishamaliza shughuli zao watalirudisha, tutalilehemu. Hapana neno, Sidi. Hapana neno."

Nilimwambia tena mchana, nikamwambia tena jioni tukifunga. Kila mara hapana neno. Asubuhi yake mpwa wa Bi Mwanakombo, ambaye ndiye dereva, akaja kulichukua akiwa na Bi Mwanakombo mwenyewe ndani ya buibui lake. Mimi nilikuwa nyuma nanyonyesha. Nililisikia likiwaka na kuondoka, injini ikinguruma kama lori kweli, na watu wa gereji wakipiga vigelegele vya kiume.

Siku mbili baadaye, siku yenyewe ya kumhamisha Zuhura, tulikuwa tunakunywa chai. Ami Athumani akawa anasimulia na kucheka.

"Yule mama ana macho! Yuko ndani ya buibui, lakini kaiona koki. Ananiuliza, 'Fundi, huu uchafu mweupe kwenye shaba ni wa nini?' Nikamwambia, si kitu, mama."

Nikaweka kikombe chini. "Ulimwambia si kitu?"

"Ningemwambia nini? Kwamba tumepaka sabuni?"

"Ami. Nyumba ya harusi. Watu wa Kisauni. Wakiona shaba ina uchafu watafanya nini?"

Akaacha kucheka. Alijua. Kila mtu wa pwani anajua. Nyumba ikiwa na shughuli hakuna shaba inayosalimika: masinia, mabirika, vipini vya milango, vyote vinasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka vinawaka. Nani atakayeiacha koki ya shaba ndani ya gari la bibi harusi iwe na uchafu mweupe?

Na hilo silo lililonitisha zaidi. Shaba ikishasuguliwa, petroli itadondoka. Ikidondoka, gari litanuka. Na likinuka gari la bibi harusi, lenye mapazia yaliyofungwa, wanawake watalifukiza udi. Udi unafukizwa kwa chetezo, na chetezo kina makaa ya moto.

"Twende," nikamwambia.

"Niende wapi? Gari liko uani kwa wanawake. Nikafike mlangoni nipige hodi, niseme nataka kuchungulia alipo bibi harusi? Watanipiga kwa michi."

Hapo alisema kweli. Hakuna fundi mwanamume angevuka ule mlango, hata dereva alikuwa amekatazwa mpaka aitwe. Basi nikamfunga Katana mgongoni, nikatia spana za baba yangu ndani ya kanga, nikatoka. Sikusema kwaheri.

Lori la makaa lilinipeleka mpaka kisiwani. Nilimwambia dereva aongeze mwendo, akaniambia nishuke nikasukume. Kutoka hapo nikaenda kwa miguu, nusu nakimbia, mtoto analia mgongoni, spana zinagongana. Kwenye daraja linaloelea la Nyali, la kuvukia upande wa Kisauni, mlinzi akaniuliza nakwenda wapi na vyuma vile. "Harusini!" nikamwambia. Akacheka, akaniacha. Sikumbuki nilivyopanda ule mlima wa upande wa pili. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa namtukana Ami Athumani kwa sauti, nilipoishiwa na matusi nikajitukana mwenyewe kwa kuishiwa, na kina mama waliokuwa wakiteka maji wakanipisha njia.

Uani kwa Bi Mwanakombo palikuwa pamejaa wanawake, vigelegele, asumini mpaka chini. Gari lilikuwa katikati, limeoshwa, linang'aa, mapazia yamefungwa. Dirisha moja lilikuwa wazi kidogo, na kupitia hapo niliiona koki. Ilikuwa inawaka kama dhahabu.

Na mlangoni mwa gari alisimama somo wa Zuhura, yule aliyemfunda kwa ndoa, Bi Kibibi, mwanamke mnene mwenye sauti, ameshika chetezo kwa mikono miwili, moshi unapanda. Zuhura alikwisha kaa ndani, amefunikwa gubigubi.

"Kilete, somo, kilete!" mmoja akasema. "Mafuta yananuka humu mpaka bibi harusi anaumwa kichwa. Kiweke miguuni pake kabisa."

Nikapiga ukelele. Sijui nilisema neno gani. Katana alishtuka akanyamaza kimya, na ua mzima ukanyamaza naye.

"Bi Kibibi, rudi nyuma! Rudi na moto wako!"

Akageuka. Akaniona: kanga ya kazi, mikono myeusi, mtoto, jasho. "Ebo! Nani huyu? Huyu Mnyika wa mashamba katokea wapi?"

"Mimi ni fundi wa gari hilo."

Wakacheka. Kicheko chote cha Kisauni kilikuwa mle. "Fundi! Haya, fundi wa kike, umekuja kudai bakshishi?" Mwingine akasema, "Mpeni wali aende zake, njaa hiyo."

"Wali mtanipa baadaye," nikasema. "Hiyo harufu si harufu. Hiyo ni petroli, inadondoka mle ndani. Ukiingiza kaa la moto humo mtamzika Zuhura leo, na wewe somo pamoja naye."

"Usimtaje maiti mbele ya bibi harusi!" Bi Kibibi akaja juu, na chetezo chake mkononi, hatua moja kuelekea gari. "Kisirani wee! Umetumwa na nani?"

Sikubishana. Nilikwenda nikasimama mlangoni mwa gari, mgongo wangu na mtoto wangu kwenye mlango, uso wangu kwenye moshi wake. Nikamwambia polepole: "Nina mtoto hapa. Nimemleta mbele ya moto wako. Unadhani nimekuja kucheza?"

Alisimama. Moshi wa udi ulikuwa unaniingia machoni.

Ni Zuhura mwenyewe aliyesema, kutoka chini ya nguo zake, kwa sauti ndogo: "Mama, miguu yangu imelowa. Nilidhani ni maji ya kuoshea."

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama kizingitini. Hakupiga kelele. Alikuja mbio na ule utu uzima wake, akamnyang'anya Bi Kibibi chetezo, akakipeleka mpaka nje ya ua na kukifukia mchangani. Kisha akarudi akafungua mlango wa upande wa pili, akamtoa bintiye kwa kumkumbatia kama mtoto mdogo. Viatu vyake vya harusi vilikuwa vinatiririka petroli. Harufu ilipotoka nje wanawake wote walirudi nyuma pamoja, na wale waliocheka wakaanza kusoma dua.

"Nani kaisugua shaba ile?" nikauliza.

Bi Kibibi akakaa chini mchangani. "Mimi," akasema. "Kwa ndimu. Ilikuwa na uchafu, wallahi, uchafu mweupe. Nilisema isimwaibishe mwanangu." Akaanza kulia, na mimi niliyekuwa tayari kummeza nikashindwa kumwambia kitu. Alifanya kama alivyofunzwa. Aliyepaka uchafu ule alikuwa Changamwe anakunywa chai.

Niliomba debe, nikamwaga petroli yote ya tangi nje, mbali na majiko, nikafungua milango yote upepo upite, mkeka wa chini nikauanika kwenye ua. Jua lilikuwa linateremka. Upande wa mume walikuwa wanangoja, wamekwisha tuma mtu mara kadhaa kuuliza kumetokea nini.

"Litawaka?" Bi Mwanakombo akaniuliza.

"Haliwaki leo, mama. Na mtu yeyote asilitie petroli mpaka mimi niseme."

"Basi Zuhura atakwenda kwa gari la baba yake," akasema. "Sikusema lazima lingurume."

Likasukumwa. Zuhura akabadilishwa viatu, akaingizwa, mapazia yakafungwa, ndipo wanaume wakaitwa. Dereva ameshika usukani kwa heshima zote kana kwamba injini inafanya kazi, vijana wa mtaa wanalisukuma kwa nyuma, wanawake pembeni na vigelegele, na Bi Kibibi mbele kabisa anatimua kila mwenye sigara. Mimi nilitembea kando ya gurudumu, nasikiliza. Gari lililozimwa injini lina kimya kizuri. Lilifika.

Sasa sikieni nilivyostaafu.

Habari ilifika Changamwe kabla yangu. Asubuhi watu walikuwa wanapita gereji wakiuliza, "Ami Athumani, leo mnauza sabuni za kuogea au za kufulia?" Nilimkuta amekaa kwenye benchi, hajaanza kazi.

"Umenivunjia heshima, Sidi. Mbele ya ua mzima wa wanawake."

"Ningenyamaza?"

"Ungeninong'oneza kwanza."

"Nilikunong'oneza asubuhi, mchana na jioni, Ami. Uliniambia hapana neno."

Alipangusa benchi kwa kiganja. Ni mtu mwema, nimewaambia, na alikuwa hakulala, macho yalikuwa mekundu. Lakini vijana wake walikuwa wamerudi kutoka jeshini, walikuwa wamesimama pale wanasikiliza, na bwana mwenye gereji hawezi kuambiwa hivyo na mwanamke mwenye mtoto mgongoni halafu wakaendelea kama jana.

"Kapumzike nyumbani," akasema. "Lea mtoto."

Mimi kazi yangu ilikuwa mikono yangu. Nililiokoa lile gari na wote waliokuwamo, na malipo yake ni kupumzika. Mkitaka kujua kwa nini naandika kwa kubonyeza kalamu namna hii, ni hilo. Hasira haijatoka na sina haraka ya kuitoa.

Nikakusanya spana za baba. Nilipoinua ya mwisho, Ami Athumani akafungua saraka, akatoa koki mpya kabisa, iliyotoka kwenye lori la jeshi, meno yake mazima. Akaisukuma juu ya benchi mpaka ikanigusa mkono. Hakuniangalia. Nikaichukua, nikaenda.

Nilirudi Kisauni. Nikalishusha tangi lote uani kwa Bi Mwanakombo, nikaliosha kwa maji ya moto na magadi, nikaliosha tena, nikaligeuza chini juu, nikalijaza maji mpaka karibu na tundu la koki. Hili lisikieni hata kama mengine yote mmeyasinzia: tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke umebaki ndani. Msilisogezee moto mpaka limeoshwa na kujazwa maji. Chuma cha kulehemia nilikipasha upande mwingine wa nyumba, nikakileta kikiwa moto bila jiko. Bi Kibibi alinishikia Katana. Alimpakata siku nzima, hakumruhusu mtu mwingine amguse, na akanitangazia kwamba mtoto ni mwembamba na kwamba mimi ndiye mwenye kosa.

Nikailehemu koki. Nikalirudisha tangi, nikafunga bomba langu, nikatia petroli. Nikapangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe, nikangoja, nikatazama karatasi kama ina doa. Haikuwa na doa. Fanyeni hivyo kila mara. Macho yanadanganya, karatasi haidanganyi.

Zuhura alikuwa amekuja kumwamkia mama yake. Nikamwita, nikamwambia aingie akae pale pale alipokaa siku ile, afunge mapazia yote, avute pumzi. Akaingia. Tulingoja nje, mimi, mama yake na Bi Kibibi na mtoto.

"Unasikia harufu gani?" nikamwuliza.

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Vumbi," akasema. "Na ngozi ya viti. Basi."

Nikafunga spana ndani ya kanga, nikampokea mwanangu, nikaenda zangu. Hilo ndilo gari la mwisho nililolishika.